Transfoma ya tani 62 kutoka Dar hadi Kidahwe: vibali vya ofisi nyingi, kipi kitangulie na kipi kiunganishwe?

Mizigo_Tabora ameuliza:

Habari za jioni wadau. Naomba mwongozo wa wenye kujua mizigo mikubwa ya upande wetu huu wa magharibi.

Kuna transfoma itakayoshushwa bandari ya Dar es Salaam, inakwenda kituo cha kupoza umeme cha Kidahwe, Kigoma. Uzito wa kusafirishia bila mafuta ni tani 62, urefu mita 7.8, upana mita 3.4, kimo mita 3.9. Njia tunayofikiria ni Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, halafu Kidahwe. Trela ni lile la kuunganisha vipande. Linapatikana la mistari 8 ya ekseli au 10, kila mstari una tairi nane.

Kinachotusumbua ni karatasi. Wizara ya Ujenzi inataka yake, TANROADS (barabara kuu) yake, TARURA (barabara za wilaya) yake kwa kile kipande cha mwisho, TANESCO kwa nyaya, TRC kwa reli, polisi kwa msafara. Kila ofisi ina fomu yake na kila moja inauliza kwanza mwenzake amesemaje. Maswali yangu: nianzie wapi ili nisizungushwe? Ekseli 8 zinatosha au nichukue 10? Na kwa wanaojua zaidi, kwa nini mambo haya yasiwe kibali kimoja?

---

Daraja_na_Kalavati amejibu:

Mkuu, malizana na ekseli kabla ya kuandika barua yoyote, maana jibu lake ndilo litakalojaza nusu ya kila fomu.

Mipaka iko kwenye Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuisimamia mwaka 2019. Jumla isizidi tani 56 kwa ekseli 7. Ekseli moja ya tairi nne ni tani 10, mbili zilizoshikana tani 18, tatu zilizoshikana tani 24. Transfoma yako peke yake, haijapanda hata trela, imeshapita tani 56. Kwa hiyo hakuna ujanja wa kupanga ekseli utakaokuondoa kwenye kibali cha mzigo maalumu. Kilichobaki ni kumrahisishia mhandisi kusema ndiyo.

Trela la vipande lina takribani tani 4 kwa kila mstari. Kwa mistari 8: 62 + 32 = tani 94, gawanya kwa 8 unapata tani 11.75 kwa mstari. Kwa mistari 10: 62 + 40 = tani 102, yaani tani 10.2 kwa mstari. Wengi wakiona jumla imepanda kwa tani 8 wanaogopa, wanabaki na mistari 8. Ni kosa. Uharibifu wa lami hupanda takribani kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Kanuni hiyo inatokana na majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Gawanya 11.75 kwa 10.2, pandisha jibu hadi nguvu ya nne (jibu × jibu × jibu × jibu), unapata kama 1.76. Mistari 8 yenye uharibifu wa 1.76 kila mmoja ni sawa na 14, mistari 10 yenye 1 kila mmoja ni 10. Trela dogo linaichakaza lami kwa asilimia 40 zaidi ingawa ni jepesi.

Darajani pia mistari 10 inashinda. Ikiwa nafasi kati ya mistari ni mita 1.5, trela la 8 limelala juu ya mita 10.5 na la 10 juu ya mita 13.5. Ni takribani tani 9 kwa kila mita dhidi ya tani 7.6. Daraja lenye nafasi ya mita 12 au 15 kati ya nguzo linaisikia tofauti hiyo vizuri sana. Kwenye kalavati fupi kinachotawala ni uzito wa mstari mmoja, na hapo pia 10 ni bora. Chukua 10.

Mambo mawili ambayo maombi hurudishwa kwa ajili yake. La kwanza ni uzito. Orodha ya shehena huandika uzito wa mashine ikiwa na mafuta, au ikiwa tupu bila kutaja vilivyobaki ndani yake. Pata hati ya mtengenezaji inayosema wazi uzito wa kusafirishia na mahali kitovu cha uzito kilipo, kisha upime bandarini kabla ya kutoka. Ukiomba kwa tani 62 na mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, ikasoma tani nne zaidi, kibali chako hakifai kitu, hata kama kimepigwa mihuri yote.

La pili ni kutogawanyika. Kibali cha uzito kupita kiasi hutolewa kwa kitu kisichoweza kupunguzwa. Rejeta (za kupoza mafuta), bushingi (vihami vya kutokea nyaya), tangi la juu la mafuta na mafuta yenyewe viende kwa malori ya kawaida. Afisa akiona kwenye picha rejeta zimeachwa ubavuni, ataliita shehena inayogawanyika na atakuwa na haki. Ni sawa na buldoza kupanda lobedi (trela la sakafu ya chini) na blade yake mbele: ikivuliwa, upana unapungua sana na nusu ya mabishano inaisha.

Kichwa cha kuvuta nacho kiandikwe na hesabu yake. Chukulia kichwa, pamoja na uzito uliopakiwa juu yake ili tairi zishike barabara, ni tani 22, msafara mzima unakuwa tani 124. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, ukijumlisha na msuguano wa tairi kama asilimia 1.5, unahitaji mvuto wa tani 9.3. Ekseli za nyuma zenye tani 18 juu ya lami kavu hutoa karibu tani 10.8, inapita. Mvua ikinyesha juu ya changarawe, zilezile zinatoa kama tani 6, na hapo mzigo unarudi nyuma. Ndiyo maana mwinuko wa Saranda, kabla ya Manyoni, unatakiwa kuonyeshwa kwenye maombi pamoja na kichwa cha pili cha kusukuma. Mhandisi akiikuta hesabu hiyo imeshafanywa, hana sababu ya kukuandikia barua ya kuiuliza.

---

Msafara_Magharibi amejibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi naongeza habari ya njia, kwa sababu utafiti wa njia ndio utakaokuambia ni ofisi gani unazihitaji kweli. Ofisi ambayo haina kitu chake barabarani haina haja ya barua yako.

Pita njia nzima na gari dogo, mtu mmoja akiandika. Kila kizuizi kiwe na mstari wake: kilomita kutoka mwanzo, alama ya ramani ya satelaiti, picha mbili, kipimo, na mwenye mali. Safu hiyo ya mwisho wengi hawaiweki, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ukimaliza, chuja kwa mwenye mali: nyaya zote za TANESCO karatasi moja, vivuko vya reli vyote karatasi moja, makalavati ya TARURA karatasi moja. Kila ofisi inapata ya kwake tu, lakini namba za vizuizi ni zilezile kwa wote. TRC akisema "kizuizi namba 41", polisi na TANROADS wanajua ni kipi.

Nyaya. Sakafu ya trela ikiwa mita 1.2, mzigo unasimama mita 5.1. Kwa haidroliki unaweza kushuka hadi karibu mita 4.8. Usinyanyue fimbo kugusa waya wa umeme hata kama ni ya plastiki ngumu. Tumia kipimo cha mawimbi ya sauti ukiwa chini. Pima saa nane au tisa mchana, maana joto na matumizi hulegeza waya. Aliyepima saa moja asubuhi amejidanganya. Nyaya za kilovolti 33 zinazokatiza barabara kuu mara nyingi hupita. Zinazokwama ni za kwenda majumbani kwenye miji midogo kama Urambo, Kaliua na Nguruka, pamoja na nyaya za simu zilizofungwa chini ya hizo. TANESCO wape siku na saa ya kila mahali, si "wiki ya pili ya mwezi". Kukata umeme kunahitaji tangazo kwa wateja, na mzigo ukichelewa siku moja tangazo lote linarudiwa.

Reli. Ile ya zamani ya mita moja ina vivuko vya usawa. Hatari yake ni tuta: katikati ya trela linakaa juu ya reli, mbele na nyuma vinaning'inia. Pima mwinuko wa kivuko kila mita moja kwa mita 20 kila upande, linganisha na mwendo wa haidroliki ambao ni sentimita 30 juu na chini. TRC wanataka kujua unahitaji dakika ngapi kuvuka na nani atawasiliana na stesheni. Dereva aingie na gia ndogo, asibadilishe akiwa juu ya reli. Reli ya kisasa ni tofauti: imejengwa ili barabara ipite juu au chini, kwa hiyo unapopita chini yake ni kimo tu. Pima katikati na pembeni, na upime upya lami ikiongezwa tabaka.

Polisi. Njia yako inagusa Dar, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma, mikoa saba. Muda haupotei njiani, unapotea mipakani: msafara umefika, wa mkoa unaofuata hawana habari au gari lao liko kwingine. Tuma ratiba moja kwa wakuu wa usalama barabarani wa mikoa yote saba kwa pamoja, kila mmoja aone majina ya vituo vya makabidhiano kabla na baada yake. Mzigo huu utembee mchana tu, hivyo kila siku iwe na sehemu ya kulala yenye uwanja mgumu wa mita 40, nje kabisa ya barabara. Usipange kulala kwenye bega la barabara bonde la Malagarasi. Tuta la barabara pale limepita kwenye ardhioevu na kingo zake hazikuandaliwa kubeba tani 100 zilizosimama usiku kucha.

Kipande cha Malagarasi–Ilunde–Uvinza kiulizie hali yake kwa Meneja wa TANROADS Kigoma wiki moja kabla ya kuondoka. Na kwa huku kwetu mvua ni Novemba hadi Aprili. Ukiweza kuchagua, safiri Juni hadi Septemba.

---

Dirisha_Moja amejibu:

Nijibu lile swali la tatu, kwa sababu ndilo linalotugharimu wote na halizungumzwi vya kutosha.

Angalia mpangilio wa mamlaka. Kibali cha mzigo maalumu kiko Wizara ya Ujenzi, na TANROADS iko chini yake. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, iko chini ya TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). TRC ni Uchukuzi, TANESCO ni Nishati, polisi ni Mambo ya Ndani. Transfoma moja inapita mikononi mwa wizara tano, na hakuna hata moja yenye mamlaka ya kumwambia mwenzake ajibu lini. Tatizo liko hapo. Sahihi sita si nyingi kwa tani 124. Tatizo ni sahihi sita zinazosubiriana bila tarehe ya mwisho.

Australia walikuwa na hali mbaya kuliko yetu: majimbo, kisha mamia ya halmashauri, kila moja na barabara zake. Wakaunda msimamizi mmoja wa taifa wa magari mazito, NHVR, mwaka 2013. Msafirishaji anaomba sehemu moja, NHVR ndiyo inayozunguka kwa wenye barabara kuomba ridhaa yao, na sheria inawapa siku 28 kwa kawaida. Mwenye barabara hakunyang'anywa mamlaka yake. Anaweza kukataa au kuweka masharti, ila kwa sababu iliyoandikwa. Jimbo la Western Australia na eneo la Northern Territory hayakujiunga, mfumo ukaendelea bila wao.

Lakini someni na sehemu ya pili. Sheria mpya ilipoanza Februari 2014, maombi yaliwazidi nguvu ndani ya siku chache, na sehemu ya kazi ikabidi irudishwe kwa majimbo. Dirisha hilo moja la maombi lilifunguliwa kabla ya walio nyuma yake kuwa tayari. Halmashauri hazikuwa na takwimu za madaraja yao, wala mtu wa kuzisoma. Ujerumani wana mfumo wa mtandao, VEMAGS, unaotumiwa na majimbo yote 16: maombi yanaingia mara moja na kila mamlaka inaweka maoni yake kwenye faili lilelile. Hakuna aliyepoteza kazi yake, barua tu ndizo zilizokufa.

Kwa hapa kwetu ningeanza na mambo matatu yasiyohitaji kubadili sheria kubwa. Karatasi moja ya takwimu za mzigo inayokubalika kwa ofisi zote: vipimo, uzito wa kila mstari, nafasi kati ya mistari, mchoro. Pili, namba moja ya maombi inayotumika kuanzia wizarani hadi kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Tatu, muda wa kujibu unaojulikana, na ukipita, faili lipande ngazi ya juu moja kwa moja. Sitaki ukimya uhesabiwe kuwa ridhaa. Kwa daraja, ukimya kuwa ndiyo ni hatari ambayo hakuna anayepaswa kuibeba.

Baadaye ije njia iliyopimwa kabla. Tabora hadi Kigoma inajengwa reli ya kisasa, kuna laini za umeme mkubwa na vituo vyake, kuna mashine za barabara. Mizigo ya namna hii itaendelea kupita njia ileile. Kwa nini kila mmoja alipie kupima daraja lilelile? Pima mara moja na utangaze: mzigo wenye mistari ya ekseli isiyozidi uzito fulani, nafasi isiyopungua kiasi fulani, unapita kwa taarifa tu. Wahandisi wabaki na muda wa mizigo ambayo kweli ni mizito kupita kawaida.

---

Barabara_za_Wilaya amejibu:

@Dirisha_Moja hoja nzuri, ila usiiweke TARURA kwenye muda sawa na TANROADS halafu ukategemea jibu la maana. Kwenye barabara kuu madaraja yana michoro na uzito uliokusudiwa. Kwenye barabara ya wilaya unaweza kukuta kalavati la bomba la sentimita 90, udongo juu yake sentimita 30, na hakuna anayejua lilimwagwa zege gani. Meneja hawezi kulijibu hilo akiwa ofisini. Anahitaji kwenda, kuchimba pembeni, kuangalia nyufa ndani ya bomba. Gari na mafuta ya kufika huko si kitu kidogo. Dirisha moja bila bajeti ya ukaguzi litamlazimisha kukataa kila kitu ili asilaumiwe.

@Mizigo_Tabora, kwa hiyo kipande chako cha mwisho, kutoka lami hadi geti la kituo, ndicho kianze na si kimalizie. Kifupi, lakini ndicho kisicho na takwimu. Mpelekee meneja karatasi ya vizuizi na picha, mwombe mwende pamoja. Udongo juu ya bomba ukiwa mdogo, msijaribu kutegemea bamba la chuma lililolazwa juu. Bamba husambaza uzito kwenye ardhi laini, haligeuki kuwa daraja. Kiangazi suluhisho rahisi ni mchepuo pembeni: kwangua udongo laini, jaza changarawe tabaka la sentimita 15 kwa 15 huku ukishindilia kila moja, mteremko wa kuingia na kutoka usizidi asilimia 5. Ahidi kwa maandishi kurudisha hali ya awali na upige picha kabla na baada. Kwa maandishi hayo meneja ana kitu cha kusimamia akisaini.

---

Mizigo_Tabora:

Asanteni sana wakuu, nimeshaomba mistari 10. Maswali mawili ya mwisho. Kichwa kikiharibika njiani, mfano Itigi, naruhusiwa kuleta kingine? Na darajani masharti huwa yapi, ili nimwandae dereva?

---

Daraja_na_Kalavati amejibu:

Kibali hutaja namba za usajili za kichwa na trela. Ukileta kingine kisichoandikwa, mbele ya mizani wewe ni gari lisilo na kibali. Andika namba za kichwa cha akiba tangu mwanzo, pamoja na kadi yake, bima yake na uzito wa kila ekseli yake. Kagua pia kama idadi ya ekseli kwenye kadi ya trela inalingana na unachovuta, kwa kuwa trela la vipande huenda limesajiliwa likiwa na mpangilio mwingine. Na siku za kibali zisibane: safari ukiihesabu siku nane, omba kibali kinachobeba angalau mara mbili yake, kwa ajili ya mvua, tairi na kusubiri umeme ukatwe.

Darajani, ikiwemo Daraja la Kikwete pale Malagarasi: msafara usimame kabla, magari mengine yazuiwe pande zote mbili. Trela lipite katikati kabisa ya daraja ili mihimili ya pande zote igawane uzito. Mwendo usizidi kilomita 5 kwa saa, bila kukanyaga breki wala kubadili gia, kwani mshtuko huongeza uzito ambao haumo kwenye hesabu ya mhandisi. Kichwa cha kusukuma, kama kipo, kifunguliwe na kipite peke yake baada ya trela kutoka. Dereva akishindwa kuona mstari wa katikati, uchorwe kwa chaki kabla.

Jambo moja ambalo hujauliza. Kipande cha trela kina upana wa karibu mita 3, na mpaka ni mita 2.65. Maana yake hata likirudi tupu Dar, limepakiwa juu ya malori ya kawaida, bado linahitaji kibali cha upana. Liombe kwenye maombi haya haya, na utaje njia ya kurudia kama itakuwa ya Kasulu na Nyakanazi badala ya Tabora.